Konrodi Ndefu, Njia Fupi

Kutoka nyumba ya mkwe wangu, Tibirinzi, hadi nyumba yetu, Madungu, mtu mwenye kikohozi na ndala iliyokatika anafika bila kupumzika. Nalisema hili mwanzo ili ujue mapema ujinga wangu una ukubwa gani. Kwa safari hiyo, ya kumtoa bibi harusi kwao na kumleta kwetu, mie niliunda injini ambayo kwa hesabu zangu ingefaa mashindano ya magari Ulaya. Na bibi harusi kwetu hupelekwa kwa mwendo wa miguu, maana mbele ya gari wanatangulia wanawake na matari yao, na hakuna dereva aliyezaliwa na mama wa Kipemba atakayewapigia honi wapishe njia. Hilo nililijua tangu utoto. Sikulitia kwenye hesabu.

Nilikuwa fundi, au tuseme nusu fundi. Nilisomea injini Unguja kwa muda, nikarudi Chake, kwetu Pemba, nikaajiriwa kwenye gereji ya serikali, na nikawa na kitabu cha Kiingereza cha kuunda injini ambacho mchwa walikula nusu ya nyuma. Kwa hiyo nilijua kila kitu kuhusu injini mpaka katikati. Ukiniuliza habari za mwanzo wa kitabu, nilikuwa bahari. Ukiniuliza habari za kuiwasha, hapo mchwa ndio wenye elimu.

Basi nikampenda binti wa Tibirinzi, mwalimu wa skuli, mtoto pekee wa mzee mmoja mjane. Mama yake alikufa yeye akiwa mdogo, akalelewa na baba na shangazi yake ndani ya nyumba ileile. Posa ilipelekwa na mjomba wangu. Kwa desturi muoaji haendi. Hukaa kwao akitafuna kucha huku wazee wakimsifia. Mie sikuridhika na sifa za kawaida, za swala tano na tabia njema. Nikamwambia mjomba, wakiuliza kazi yangu, aseme kwamba hakuna injini iliyowahi kufa mbele yangu ikabaki maiti. Mjomba naye si mtu wa kupunguza neno. Alipofika akatia na chumvi yake, akaonesha kidole gari ndogo ya Kiingereza iliyokuwa ubavuni mwa nyumba, imelala miaka, kuku wanatagia kiti cha nyuma, akasema hata ile kijana wetu ataiamsha.

Mzee akaweka kikombe chake cha kahawa chini. Mjomba alinihadithia kwamba aliitazama ile gari, kisha akasema: "Alhamdulillahi. Basi ile ikiwaka, tutapanga siku. Ntoto wangu atatoka humu ndani kwa gari ya babake."

Watu wote barazani waliona ni neno la heshima, na mie nilipoletewa nikaona ni zawadi. Ilikuwa mwezi wa Rajabu. Nikamwambia mama aanze kutafuta mchele, kwa sababu Shaaban haitaingia ila nimeshaoa.

Siku ya kwanza nilipoifungua injini nikaikuta krenki imekatika vipande viwili. Krenki ndiyo mhimili wa injini. Pistoni zinapanda na kushuka, na krenki ndiyo inayozigeuza nguvu zile zikawa mzunguko. Bila krenki una sufuria kubwa la chuma tu. Na miaka ile ilikuwa ya uhaba, hata sabuni ilikuwa ya kutafuta, sembuse krenki ya gari ambayo waliounda wenyewe walikwishaisahau. Nilizunguka kisiwa kizima kwa baiskeli. Mwisho nikampata dereva mstaafu Gando, aliyekuwa na gari ya kiwanda kilekile lakini kubwa zaidi, na ya kwake ilipokufa aliivua viungo akavifunga kwenye gunia lenye grisi akavitia chini ya kitanda. Akanipa krenki na konrodi zake nne, akanipa na madafu, akaniombea dua. Nikarudi mbio na gunia nyuma ya baiskeli, nikijiona nimerudi na posa mkononi.

Sasa hapa ndipo mtu mwenye akili angezifunga zile konrodi za Gando kwenye krenki yake ya Gando, akarudisha pistoni, akawasha, akaoa. Konrodi ni fimbo ya chuma inayoishika pistoni upande mmoja na krenki upande wa pili. Zilikuwa fupi kidogo kuliko za mzee, na krenki ile ilikuwa inazisukuma pistoni mwendo mrefu kidogo kuliko ya mwanzo. Kimoja kilimfuata mwenzake. Viungo vingeingia na gari ingekwenda.

Lakini mie nilikuwa na nusu kitabu. Na ndani ya nusu ile mlikuwa na mlango mzima kuhusu uwiano wa konrodi na mwendo wa pistoni. Unachukua urefu wa konrodi, kutoka kitovu cha tundu la juu hadi kitovu cha tundu la chini, unaugawa kwa mwendo wa pistoni kutoka chini hadi juu. Konrodi za Gando zilikuwa milimita mia na thelathini na sita, mwendo themanini: ukigawa unapata moja nukta saba sifuri. Konrodi ndefu za mzee zilikuwa mia na arubaini. Ukizifunga hizo kwenye krenki mpya, moja nukta saba tano. Kitabu kilisema namba ikiwa kubwa injini hukimbia kwa raha na silinda, matundu ambamo pistoni hupanda na kushuka, haziliki upesi. Ubaya wake ni kwamba konrodi ndefu zingezitoa pistoni juu ya bloku, chuma chenye matundu hayo, na ingebidi nizichonge vichwa.

Kwa hiyo kati ya konrodi hizi na zile nilikuwa na sehemu tano katika mia za kugombania. Nami nikazigombania. Wallahi nilizigombania kama shamba la urithi.

Niliandika hesabu kwa mkaa kwenye ukuta wa banda la makuti ng'ambo ya njia, ambako mzee aliamuru gari isukumwe. Haifai mchumba kushinda uani kwa watu, na hata pale kwenye banda majirani hawakuninyamazia. Walisema napima chuma kumbe napima harufu ya jikoni. Mzee peke yake ndiye aliyeniheshimu. Kila baada ya alasiri alivuka njia na birika la kahawa, akakaa juu ya tairi, akanitaka nimweleze tena.

Nilimweleza kwa kinu na mchi. Ukiwa na mchi mrefu, mkono unakwenda huku na huku lakini mchi unashuka wima. Ukiwa na mchi mfupi na mkono uleule, unashuka kwa mshazari, unapiga ukuta wa kinu, na kinu kinalika upande. Pistoni ni hivyohivyo. Mzee akatikisa kichwa kwa mshangao. Akasema hajapata kumsikia fundi anayesema mambo kwa mpango namna ile, kisha akashika konrodi moja, akaigeuzageuza, na akasema neno ambalo nilikuja kulisikia mpaka nikaliota: "Usifanye haraka, mwanangu. Piga hesabu tena."

Jamani, nani asingevimba kichwa? Gerejini nilikuwa wa kutumwa spana. Pale nilikuwa na mwanafunzi mwenye mvi. Akiuliza, najibu, nikijibu, anauliza jengine. Siku moja akataka kujua kama chuma hakipandi kwa joto, na kama kinapanda, si ingefaa konrodi zipimwe asubuhi na zipimwe tena jua la utosi? Nikapima asubuhi, nikapima jua la utosi, nikapata namba zilezile na upele wa joto mgongoni. Siku nyengine akaniuliza vipi konrodi ya trekta. Trekta! Konrodi yake ingetoka nje ya boneti ikatuamkia. Lakini nikaichukulia hesabu, nikaiandika ukutani, nikamsomea jibu, naye akasema lina faida kulijua.

Chakula changu cha mchana kilitoka nyumba ile, kimefunikwa kawa, kimeletwa na shangazi. Nilijua aliyekipika, na nilikila kwa adabu zote. Mwanzo kilikuwa wali wa nazi na kuku. Baada ya muda kikawa wali na dagaa. Kisha ndizi mbichi bila kitoweo. Kisha muhogo mkavu, mchemsho wa maji na chumvi. Nikasema masikini, uhaba umewafikia na watu hawa. Nikamsifia hata mjomba jinsi binti yule alivyo mvumilivu wa shida, hali mjomba mwenyewe jana yake alikuwa amekula biriani kwenye nyumba ileile.

Shaaban iliingia mie bado niko ukutani na mkaa wangu. Ilipofika karibu na katikati, shangazi akaja na sahani mchana, kawa juu yake, akaiweka mbele yangu wala asiondoke kama kawaida yake. Nikasema bismillahi, nikafunua. Ndani ya sahani mlikuwa na konrodi moja. Imeoshwa, imefutwa, imelala katikati na kipande cha ndimu pembeni.

Nikamtazama shangazi. Yule bibi hakuwa mtu wa kucheka ovyo, na siku ile hakucheka.

"Mpishi wako kasema ule hiyo," akaniambia. "Na kama hutaki kula, kaifunge. Mfungo u karibu. Ukishaingia mfungo, kaka yangu atakwambia subiri Mfungo Mosi, mwezi wa Idi. Na Mfungo Mosi una nduguye Mfungo Pili. Weye huoni?"

Sikuona. Nilidhani ananilaumu kwa uzito wa kazi, na nikaanza kumweleza habari ya kinu na mchi, naye akachukua kawa lake akavuka njia. Lakini niliogopa. Kwa mara ya kwanza niliogopa kweli, kwa sababu nilielewa walau hili: mwanamke niliyemtaka alikuwa amechoka, na mwanamke wa Kipemba akichoka hakupigii kelele, anakupikia chuma. Nikaipima ile konrodi. Ilikuwa moja ya zile ndefu. Basi nikazifunga ndefu. Wiki zangu zote za kugawa na kuzidisha zikamalizwa na sahani. Mpaka leo sijui kama aliichagua kwa urefu wake au ndiyo iliyokuwa karibu na mkono wa shangazi, na nimeoana naye miaka mingi bila kuthubutu kuuliza.

Nilizipeleka pistoni kwa fundi wa mashine akazichonga vichwa, nikaifunga injini kwa kasi ambayo ningeitumia tangu Rajabu kama ningekuwa na akili. Siku ya kuiwasha mjomba alikuja, majirani wakaja, mzee akasimama mlangoni kwake. Nikasoma Fatiha, nikageuza ufunguo. Ikakohoa, ikatema vumbi na unyoya wa kuku, ikawaka. Ilikuwa inanguruma laini, tulivu, wima kabisa, mchi mrefu ndani ya kinu. Majirani wakapiga makofi. Nilitaka kulia kwa furaha, na nilimgeukia mwanafunzi wangu nikitazamia naye atalia.

Mzee alivuka njia polepole. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale. Uso wake ulikuwa umeshuka. Akasema inatetemeka kidogo, labda ningeangalia tena hesabu. Nikahamaki, nikasahau adabu, nikamwambia haitetemeki hata chembe, aweke kikombe cha kahawa juu yake aone kama kitamwagika. Shangazi akasema kutoka mlangoni, kwa sauti ya kutosha barabara nzima, kwamba imewaka, na kaka yake mwenyewe alisema ikiwaka siku itapangwa. Mzee akajibu ndiyo, alisema. Akaingia ndani. Siku ikapangwa Ijumaa ya mwisho ya Shaaban, nami nikaenda nyumbani nimekasirika, nikimwona ni mzee asiyejua kushukuru.

Siku ya harusi niliozeshwa msikitini baada ya swala ya Ijumaa, na baada ya hapo kazi yangu ilikuwa moja tu: kukaa nyumbani Madungu, nimevaa joho na kilemba, ningoje mke aletwe. Bwana harusi mwenye haya hukaa akangoja. Mie nilitoka mlango wa nyuma nikaenda Tibirinzi kwa miguu, pindo la kanzu nimelishika mkononi, spana ya kumi na tatu mfukoni. Nilitaka kuisikia injini yangu njiani. Shangazi zangu waliponiona natembea kando ya gari ya mke wangu mwenyewe walijifunika nyuso kwa aibu, na mmoja akaniuliza kama nami naletwa.

Mzee aliendesha mwenyewe. Nyuma alikaa bibi harusi, amefunikwa ushungi, na shangazi yake ubavuni. Mbele wanawake na matari, vigelegele, nyimbo, hatua moja na kusimama, hatua moja na kusimama. Ile injini ya mashindano ikawa inanyatia nyuma ya visigino vya mabibi. Nilikuwa nalisikiliza kila pigo lake huku jasho likinitoka chini ya kilemba, kwa maana sasa ndipo nilipolikumbuka jambo ambalo kila mtoto wa mji ule analijua, kwamba gari ya bibi harusi haikimbii. Namba yangu ilikuwa ya kukimbia. Kama ingechemka, kama ingezimika mbele ya mji mzima, nisingekuwa na uso wa kuupeleka popote.

Pale njia inapoanza kupanda kuelekea Madungu, ikazimika.

Matari yakanyamaza. Nikasikia mtu nyuma akisema aha, basi tusukume. Nikafungua boneti, joho likaingia kwenye feni, nikalivuta, nikainama. Maji hayajachemka. Nyaya za plagi ziko mahali pake. Petroli inafika. Nikagusa kila kitu na kila kitu kilikuwa kizima, na nikazidi kuchanganyikiwa, maana ugonjwa usioonekana ndio unaoua. Nikazunguka hadi dirishani kumwambia mzee ajaribu kuwasha.

Ufunguo ulikuwa umezimwa. Gari haikuzimika yenyewe, vidole vyake vilikuwa bado juu yake. Hakunitazama. Alikuwa anatazama mbele, kwenye mpando, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Kutoka nyuma, chini ya ushungi, mkono wenye hina ulikuwa umemshika bega.

Nikasimama pale dirishani na mkono mweusi wa grisi, na mambo yote yakanijia kwa mpigo mmoja: kahawa ya kila alasiri, jua la utosi, konrodi ya trekta. Gari ile ilikuwa maiti ya miaka; nani angedhani itaamka? Mtu aliyetaka kubaki na mwanawe siku chache zaidi alikuwa ameniona mie, nusu fundi, nikijipeleka mwenyewe na kitabu changu cha mchwa.

Akasema kwa sauti ndogo, ya kusikika mle garini na pale dirishani tu: "Piga hesabu tena, mwanangu. Kidogo tu."

Nikarudi mbele. Nikatia kichwa chini ya boneti, nikawaambia watu wote, kwa sauti kubwa, kwamba kosa ni langu, hesabu ya konrodi nimeikosea, injini hii haipendi kwenda polepole, wanivumilie. Walicheka mpaka tari moja likaanguka chini. Mjomba aliondoka pale akajifanya hanijui. Nami niliitoa spana ya kumi na tatu, nikaikaza nati iliyokwishakazwa, nikailegeza, nikaikaza, nikaipuliza plagi iliyo safi, nikaipangusa kwa ncha ya joho la kuazima, na sikuharakisha. Kisha nikasikia mzee anasafisha koo.

Nikafunga boneti, nikamwambia awashe. Ikawaka mguso wa kwanza.

Mzee amekwishatangulia, Mungu amrehemu. Madungu na Tibirinzi hawajaacha. Mpaka leo nikipita barazani kuna mzee atakayeuliza hesabu ya konrodi imefikia wapi, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wanaicheka harusi yangu kana kwamba walikuwepo. Siwajibu. Kati ya wote waliokuwa njiani siku ile, mke wangu ndiye asiyewahi kunicheka kwa hilo.